Vipele vya Ghafla: Mtazame Mtoto Kabla ya Ngozi

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo hakuna nyumba yenye watoto wadogo isiyolijua. Mtoto amelala vizuri usiku, asubuhi mama anamvua nguo ili amwogeshe, anakuta mwili umejaa vipele. Jana havikuwapo. Mara ushauri unaanza kumiminika. Jirani anasema ni surua. Shangazi anasema ni joto tu. Bibi anasema mtoto amelishwa kitu kisichompatana. Na kijana wa duka la dawa, hata bila kumwona mtoto, anatoa tyubu ya kupaka.

Yawezekana mmoja wao amesema kweli, kwa maana vipele si ugonjwa mmoja. Ni alama tu, na alama hiyo moja hutumiwa na magonjwa mengi: mengine madogo yasiyohitaji dawa yoyote, mengine ya kuua. Ndiyo sababu tunapenda kusema wazi tangu mwanzo kwamba mara nyingi hatari haimo katika ngozi yenyewe. Mtoto aliyejaa vipele vya kutisha toka kichwani hadi miguuni anaweza kuwa anacheza na kula ugali wake, na baada ya siku mbili akawa amepona. Mwingine mwenye vidoa vichache tu mapajani, visivyomwasha wala kumsumbua, anaweza kupoteza maisha kabla ya jioni. Mzazi anayeanza kwa kuchunguza vipele ameanzia mwisho wa kazi. Aanze na mtoto.

MTOTO YUKOJE?

Kabla hujauliza vipele ni vya namna gani, mwangalie mtoto mwenyewe. Je, ananyonya au anakunywa? Je, anatapika kila anachopewa? Je, amepata degedege? Je, amelegea, analala mno, au haamki vizuri unapomwita? Maswali haya manne hatukuyatunga sisi. Yamo katika mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, ambao Tanzania ilianza kuutumia katika miaka ya 1990, na ndiyo ambayo mganga wa zahanati hutakiwa kuyauliza kabla ya mengine yote. Jibu la hatari kwa swali moja tu latosha kumbeba mtoto na kwenda. Usingoje baba arudi kazini, wala usingoje kupambazuke.

Tuongeze na haya: mtoto anayepumua haraka au ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, mtoto ambaye shingo imekakamaa, au mchanga ambaye utosi wake umevimba, mtoto ambaye midomo, ulimi au uso vimevimba ghafla pamoja na vipele. Hao nao ni wa kwenda mara moja.

Kuhusu watoto wachanga tuna neno la pekee. Mtoto wa siku mbili au tatu aweza kutokwa na vipele vidogo vyenye wekundu kuvizunguka, leo kifuani, kesho mgongoni. Ikiwa ananyonya vizuri na hana homa, hivyo ni vya kawaida kwa watoto wengi na huisha vyenyewe katika wiki ya kwanza au ya pili. Usipake kitu. Lakini mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au aliyepoa kupita kiasi, au mwenye vipele vya usaha, huyo si wa kutibiwa nyumbani hata kidogo. Watoto wa umri huo huzidiwa kwa saa chache, na hawana nguvu hata ya kulia ili watuonye.

KIPIMO CHA BILAURI

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mzazi anaweza kukifanya nyumbani bila gharama. Chukua bilauri ya kioo kisicho na rangi. Bonyeza ubavu wake juu ya kipele au doa, kisha tazama kupitia kioo. Vipele vingi hufifia au kupotea vinapobonyezwa, kwa sababu damu iliyo ndani ya mishipa midogo imesukumwa kando. Lakini doa lisilofifia maana yake ni kwamba damu imevuja nje ya mishipa na kutuama ndani ya ngozi. Likiambatana na homa, laweza kuwa dalili ya vijidudu vya homa ya uti wa mgongo vilivyokwisha kuingia katika damu. Ugonjwa huo hauhesabiwi kwa siku, huhesabiwa kwa saa. Usipite zahanati ndogo kupoteza muda kama hospitali inafikika. Na kama haifikiki, mganga wa zahanati aweza kumpiga mtoto sindano ya kwanza ya dawa ndipo asafirishwe.

Wala mtu asijipe moyo kupita kiasi kwa kuona doa limefifia. Madoa hayo yaweza kuanza kama vipele vya kawaida vinavyofifia, kisha yakabadilika. Kama mtoto ana homa na anazidi kulegea, mpeleke hata kama bilauri imekuambia vizuri. Rudia pia kipimo baada ya muda mfupi.

NGOZI YETU NA VITABU VYA WENGINE

Picha nyingi katika vitabu na mabango ya afya zimepigwa kwa watoto weupe. Humo tunasoma juu ya "vipele vyekundu". Mama anamtazama mwanawe mweusi, haoni wekundu wowote, anaamua kwamba si ugonjwa ule. Watoto wengi wamechelewa kwa sababu hiyo.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kuonekana kama zambarau, kama rangi ya kahawia iliyokolea, au usionekane kabisa. Kwa hiyo mpeleke mtoto mlangoni penye mwanga wa jua, si wa kibatari wala wa balbu, umtazame kwa ubavu ili uone vipele vilivyoinuka. Kisha pitisha kiganja chako taratibu juu ya mgongo na tumbo lake. Mkono mara nyingi huona kile ambacho jicho limekosa. Na unapotafuta madoa ya damu yasiyofifia, angalia sehemu zilizo nyeupe zaidi: viganja, nyayo, ndani ya kope za chini, na kaakaa la kinywa.

Ukishamwona mtoto na ngozi yake, jiulize mambo yafuatayo, kwa sababu hata mganga atakuuliza. Homa ilianza lini, kabla ya vipele au pamoja navyo? Vipele vilianzia wapi? Vinawasha? Amepewa dawa gani wiki hizi mbili? Nani mwingine nyumbani anajikuna au ana homa? Mara nyingi majibu hayo humsaidia mganga kuliko vipele vyenyewe.

SURUA

Hapa hatuna budi kukaa kidogo, kwa maana kati ya magonjwa yote ya vipele huu ndio uliozika watoto wengi katika nchi zetu, na ungali unaua pale chanjo inapolegea.

Surua haianzi na vipele. Huanza kama mafua: homa kali, kikohozi kikavu, kamasi, macho mekundu yanayotoa machozi na kuogopa mwanga. Hali hiyo huendelea kwa siku mbili hadi nne. Ukimfungua mtoto kinywa wakati huo waweza kuona ndani ya mashavu vidoa vidogo vyeupe kama chembe za chumvi. Ndipo vipele hutokea, kwanza nyuma ya masikio na usoni, kisha hushuka shingoni, kifuani, mikononi, na mwisho miguuni. Homa haishuki vipele vinapotoka, bali huzidi. Baada ya siku kadhaa ngozi hugeuka rangi na kuchubuka kama pumba. Kwa hiyo vipele vya mwili mzima, pamoja na homa na kimojawapo kati ya kikohozi, kamasi au macho mekundu, vihesabiwe kuwa surua mpaka mganga aseme vingine. Mganga ataandika taarifa, na huenda akachukua damu kidogo ya kupeleka maabara. Msikatae. Taarifa hiyo ndiyo inayowaamsha watu wa chanjo.

Surua yenyewe haina dawa ya kuiua. Kinachoua watoto ni yale yanayoifuata: nimonia, kuharisha, vidonda vya kinywa vinavyomzuia mtoto kula, na utapiamlo. Isitoshe, ugonjwa huu hudhoofisha kinga ya mwili kwa muda mrefu baada ya vipele kwisha, ndiyo maana mtoto "aliyepona surua" mwezi uliopita anarudi zahanati akiwa taabani kwa nimonia.

Tena kuna macho. Mwaka 1987 madaktari waliochunguza watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda kwenye kioo cha jicho waliona kwamba zaidi ya theluthi moja ya vidonda hivyo vilihusiana na surua ya karibuni. Ukosefu wa vitamini A ulikuwa chanzo kikubwa, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni zilikuwamo pia miongoni mwa sababu. Mwaka huo huo ulitolewa utafiti uliofanyika katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Kati ya watoto 92 waliopata matibabu ya kawaida walikufa 12. Kati ya 88 walioongezewa vitamini A walikufa 6. Kazi hiyo ya Mvumi ni moja ya sababu kwamba leo, duniani kote, mtoto mwenye surua hupewa vitamini A siku mbili mfululizo, kwa kipimo kinachotegemea umri wake, na dozi ya tatu wiki chache baadaye ikiwa macho yameonyesha dalili za upungufu. Mzazi asiondoke zahanati bila kuiulizia. Na hata kama mtoto alipata matone yake ya kawaida ya vitamini A kliniki miezi michache iliyopita, bado anastahili dozi hizi za ugonjwa.

Sasa tuseme kwa heshima juu ya mila zetu. Mahali pengi mtoto mwenye surua hupakwa togwa na kunyweshwa togwa. Kunywa togwa iliyopikwa kwa maji safi hakuna ubaya. Ni chakula laini, na mtoto mwenye vidonda vya kinywa huimeza kwa urahisi. Kumpaka hakumsaidii lolote, lakini ubaya mkubwa ni kwamba inakausha ngozi na kuvuta inzi. Wapo wanaomnyima mtoto nyama, mayai na maziwa, wakimwacha na uji mtupu mpaka vipele viishe. Hapo tunapinga kabisa. Mtoto huyu anahitaji chakula kuliko siku zote: uji uliotiwa maziwa au karanga zilizosagwa, yai, maharage yaliyopondwa, mchicha, papai, embe, kidogo kidogo mara nyingi. Anayenyonya anyonye usiku na mchana. Wapo pia wasiomwogesha wakihofu vipele "vitarudi ndani". Havirudi ndani. Mwogesheni kwa maji ya uvuguvugu, safisheni macho kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kitambaa tofauti kwa kila jicho. Na machoni msitie kitu kingine chochote, iwe majani, maziwa ya mama, au dawa ya jirani, isipokuwa ile aliyotoa mganga. Chumba chenye mwanga hafifu kinampumzisha kweli, lakini madirisha yawe wazi hewa ipite.

Mgonjwa wa surua huambukiza siku nne kabla ya vipele na siku nne baada ya vipele kutokea, na hewa ya chumba alichokuwamo yaweza kuambukiza hadi saa mbili baada ya yeye kutoka. Kwa hiyo Jumapili hiyo mtoto asiletwe kanisani. Wanajumuiya wanaokwenda kumwona na kusali pamoja na familia, jambo jema sana, wawaache watoto wao nyumbani. Nao ndugu zake ambao hawajachanjwa wapelekwe haraka, kwa sababu chanjo ikitolewa ndani ya siku 3 tangu walipokaa na mgonjwa yaweza kuwakinga. Chanjo ya surua na rubela hutolewa nchini mwetu kwa dozi mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Ile ya pili ndiyo wazazi huisahau, kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea na kadi imeshawekwa chini ya godoro. Fungueni kadi hizo leo jioni mzitazame.

MALENGELENGE

Tetekuwanga hujulikana kwa sababu vipele vyake hugeuka upesi kuwa malengelenge madogo yenye maji, kama matone juu ya ngozi, hasa kifuani na mgongoni. Huja kwa mafungu, kiasi kwamba mahali pamoja unaona vipele vipya, malengelenge na vigaga kwa wakati mmoja. Huwasha sana. Kwa mtoto mwenye afya hupita kwa wiki moja hivi. Mkate kucha, muogeshe kila siku kwa sabuni ya kawaida, mpe parasetamoli ikiwa homa inamsumbua, kwa kipimo alichoandikiwa. Usimpe aspirini kamwe, kwa kuwa kwa mtoto mwenye tetekuwanga yaweza kuharibu ini na ubongo. Akae nyumbani mpaka malengelenge yote yawe vigaga, na awe mbali na akina mama wajawazito ambao hawajapata kuugua, watoto wachanga, na watu ambao kinga yao imepungua.

Siku hizi kuna ugonjwa mwingine wa malengelenge unaotupasa kuujua, nao ni mpox. Ulienea sana Kongo na Burundi, Shirika la Afya Duniani likautangaza kuwa dharura ya kimataifa Agosti 2024, tangazo lililoondolewa Septemba 2025. Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza walitangazwa Machi 2025. Tofauti yake na tetekuwanga ni kwamba malengelenge huwa magumu, yaliyozama, na mahali pamoja huwa ya hatua moja. Hutokea pia viganjani na nyayoni, na tezi za shingoni au kinenani huvimba. Mwenye shaka asibahatishe. Mganga ndiye wa kupima.

Malengelenge machache yakionekana kinywani, viganjani na nyayoni tu, pamoja na homa ndogo, mara nyingi ni ugonjwa mwepesi wa watoto wa chekechea usio na jina letu la Kiswahili. Huisha wenyewe katika siku 7 hadi 10. Kazi ya mzazi ni kumnywesha maji ya kutosha, kwa sababu kinywa kinauma na mtoto hukataa kunywa.

Na tutaje kwa ufupi homa ya siku tatu hadi tano kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2, ambayo hukatika ghafla na ndipo vipele vidogo hutokea kifuani. Vipele vikija homa ikiwa imekwisha na mtoto amechangamka, mshukuruni Mungu. Kwa surua ni kinyume. Lakini homa hizo za siku za mwanzo zipimwe malaria kama homa nyingine yoyote.

VINAVYOWASHA BILA HOMA

Hapa ndipo wengi wetu tulipo siku nyingi za mwaka, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea madukani.

Upele wenyewe, ule wa kuambukizana, huletwa na kidudu kidogo kisichoonekana vizuri kwa macho, ambacho jike lake huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai. Mwasho wake huzidi usiku. Tafuta katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, matakoni. Kwa watoto wachanga hata viganjani, nyayoni na kichwani. Mtu anayeupata kwa mara ya kwanza aweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kujikuna, na wakati huo tayari anaambukiza. Ndiyo sababu kumpaka dawa mtoto mmoja anayejikuna ni kazi bure. Nyumba nzima ipakwe siku ile ile, kuanzia babu hadi mtoto, na dada wa kazi asisahauliwe. Dawa ya BBE ya watu wazima lazima iongezwe maji kwa watoto kama mganga atakavyoelekeza, na kwa wachanga hutumika dawa nyingine iliyo laini zaidi, kama vile mafuta ya salfa au krimu ya pemetrini. Nguo na mashuka vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani; visivyofulika vifungwe katika mfuko wa plastiki siku tatu au zaidi, maana kidudu hicho hakiishi muda mrefu nje ya mwili wa mtu. Baada ya dawa mwasho huweza kuendelea wiki mbili hadi nne ingawa vidudu vimekufa. Wazazi wengi hudhani dawa haikufanya kazi, wakapaka tena na tena mpaka ngozi ya mtoto ikababuka.

Harara, vipele vya joto, tunaifahamu. Hutokea shingoni, mgongoni na makwapani pale jasho lilipozibiwa njia. Mama mwenye upendo mwingi humvika mtoto sweta, kofia na soksi katika joto la Februari, kisha humpaka mafuta mazito, na harara inaongezeka. Punguza nguo, muogeshe kwa maji ya kawaida, acha ngozi ikauke. Inatosha.

Mabaka yaliyovimba kama ya mtu aliyepitiwa na upupu, yanayotokea hapa na kupotea kisha kutokea pale ndani ya saa chache, kwa kawaida ni mzio. Chanzo chaweza kuwa chakula kama samaki, yai au karanga, dawa, kuumwa na mdudu, au mafua tu. Mengi hupita kwa siku moja mbili. Hatari ni pale yanapoandamana na kuvimba midomo, sauti kukwama, kupumua kwa shida au kutapika: hapo ni mbio kwenda hospitali.

Majira ya mvua kuna kimdudu chembamba chekundu na cheusi, ambacho wengi hukiita Nairobi flai. Hakiumi. Mtoto akikiponda juu ya ngozi, maji yake huunguza na kuacha mstari wa malengelenge kama alama ya moto. Kipeperushe kwa pumzi, usikiponde. Na kama kimepondwa, osha mahali hapo na mikono kwa sabuni mara moja kabla mtoto hajajifikicha macho.

Vipele vilivyokunwa sana hupata uchafu, vikatoa usaha na vigaga vya rangi ya asali. Viosheni kwa maji na sabuni, kila mtoto awe na taulo yake, na mumpeleke akapewe dawa kabla havijasambaa. Mafuta ya taa, maji ya betri na majivu hayatibu ngozi ya mtoto, yanaichoma.

DAWA NAYO YAWEZA KULETA VIPELE

Mtoto alianza dawa siku kadhaa zilizopita, sasa ana vipele. Vingi vya namna hii ni vyepesi. Lakini baadhi ya dawa, hasa zenye salfa kama kotrimoksazoli, ile ambayo wengi huiita Septrin, mara chache huleta balaa: midomo na kinywa kuchubuka, macho kuvimba, ngozi kutoka malengelenge na kuvuka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Simamisha dawa hiyo na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo pamoja na pakiti yake. Jina la dawa hiyo liandikwe kwa kalamu kwenye kadi ya mtoto, na babu na bibi waambiwe, kwa sababu hao ndio humpa mtoto dawa wazazi wakiwa shambani au kazini.

Na zile tyubu za dukani? Nyingi zina mchanganyiko wa dawa tatu kwa pamoja, na mojawapo ni steroidi kali. Hupunguza mwasho kwa siku mbili tatu, mama akafurahi. Lakini chini ya hiyo nafuu upele na choa huendelea kuenea kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa. Zikitumiwa kwa muda mrefu ngozi ya mtoto hukonda, hupauka na kupasuka, na dawa huingia mwilini. Anayeuza si adui yetu. Lakini hajamvua mtoto nguo akamtazama. Fedha ya tyubu mbili mara nyingi ingetosha nauli ya kwenda kituo cha afya.

Unapokwenda, chukua kadi ya kliniki, pakiti za dawa zote alizotumia, hata za kienyeji ueleze bila aibu, na usimpake mtoto mafuta asubuhi hiyo, ili mganga aone ngozi ilivyo. Ikiwa unashuku ni surua, tetekuwanga au mpox, usikae naye kwenye benchi pamoja na watoto wengine wanaosubiri chanjo. Mwache nje kivulini na mtu, uingie peke yako umwambie muuguzi, naye atakuonyesha mahali pa kukaa.